Nyoka wa Kuzunguka Nyumba: Kumtambua Bila Kumkaribia

Usiku, kwenye kona ya stoo, nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia anapita taratibu ukingoni mwa ukuta. Urefu wake haufiki mita moja. Kila upande wa kichwa chake kuna mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja ukianzia puani na kupita juu ya jicho, mwingine ukishuka kutoka chini ya jicho hadi kwenye pembe ya mdomo. Magamba yake ni laini, na mwanga wa tochi unapoyapiga hutoa rangi nyingi kama mafuta yaliyoelea juu ya maji. Mboni ya jicho lake imesimama wima kama ya paka, na kwa kuwa aliyemwona ameambiwa tangu utotoni kwamba mboni wima ni alama ya sumu, anatafuta fimbo. Nyoka huyo ni nyoka wa nyumba, wa jenasi ya Boaedon, ambaye hana sumu inayoweza kumdhuru mtu, na aliingia humo akifuata panya.

Katika uwanja huohuo, karibu na bomba linalovuja, anaweza kuwapo nyoka mwingine mnene kiasi, wa kijivu chenye mabaka ya kahawia, mwenye alama ya herufi V kichwani, anayekula vyura. Jina lake la kisayansi ni Causus rhombeatus. Mboni yake ni ya duara na kichwa chake hakina umbo la pembetatu ambalo watu wengi hulitafuta, kwa hiyo kwa kanuni ileile ya mboni angeonekana hana hatia. Kumbe yeye ni wa jamii ya kifutu, ana meno ya sumu yanayokunjuka, na ingawa ni nadra kwa sumu yake kuua, huleta maumivu makali na uvimbe unaohitaji hospitali.

Wanyama hawa wawili wanatosha kuonyesha kwa nini jambo la kutambua nyoka limejaa mkanganyiko. Watu wanatafuta alama moja, ya haraka, itakayowaambia kama nyoka aliye mbele yao ana sumu au hana, na alama hiyo haipo. Duniani kuna takriban spishi 4,000 za nyoka. Kati ya hizo, zenye sumu ni kama 600, na zinazoweza kumuua au kumjeruhi mtu vibaya hazizidi sana 200. Hata hivyo hizo chache hazikupewa sare ya kuvaa. Baadhi hufanana sana na zisizo na madhara, na baadhi ya zisizo na madhara zimeishi zaidi kwa kuiga zile za hatari.

Sisemi haya kwa kupuuza hofu ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka, kwamba kati ya milioni 1.8 na 2.7 miongoni mwao huingiwa na sumu, na kwamba wanaofariki ni kati ya 81,000 na 138,000, huku wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa kiungo wakiwa karibu mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wanaoumia zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto, yaani watu wanaoishi karibu na nyoka kila siku na walio mbali na dawa. Ni kwa ajili yao hasa kwamba kanuni za uongo zinapaswa kuondolewa.

Alama zinazodanganya

Kanuni ya mboni imekwisha kuonekana inavyoshindwa, lakini inafaa kuongeza kwamba jamii nzima ya swila na koboko, ambayo ndiyo yenye sumu za kupooza mwili kwa kasi zaidi, karibu wote wana mboni za duara, ilhali chatu, ambaye hana sumu kabisa, ana mboni wima. Umbo la mboni linahusiana zaidi na namna nyoka anavyowinda na saa anazotoka kuliko na kilichomo kwenye tezi zake. Isitoshe, mtu aliyekaribia kiasi cha kuona mboni ya nyoka amekwisha kukaribia kupita kiasi.

Kanuni ya kichwa cha pembetatu nayo ina ukweli nusu. Kifutu ana kichwa kipana kweli, kwa kuwa tezi zake za sumu zimejaa nyuma ya mataya. Lakini swila na koboko wana vichwa vyembamba, visivyotofautiana sana na shingo, na nyoka kadhaa wasio na madhara hukipanua kichwa wanapotishwa. Crotaphopeltis hotamboeia, mla vyura anayependa kukaa karibu na nyumba zenye bustani yenye unyevu, hukibana chini kichwa chake hadi kikawa pembetatu kamili, huku akirusha kichwa mbele kana kwamba anauma. Yule mla mayai wa jenasi ya Dasypeltis, ambaye karibu hana meno kabisa, hujikunja na kusugua magamba ya ubavuni hadi yatoe mlio wa kukwaruza, akiwaiga nyoka wa hatari wanaofanana naye mabaka. Uigaji huo humwokoa na ndege na wanyama, lakini kwa binadamu mwenye jembe mkononi ndio humponza.

Rangi ndiyo hudanganya zaidi. Koboko mweusi hana ngozi nyeusi. Mwili wake ni wa kijivu, wa rangi ya zeituni au wa hudhurungi, na weusi uliompa jina uko ndani ya kinywa chake, unaoonekana tu anapokiachama kwa kutishia. Nyoka wa mitini anayejulikana kwa jina la Kiafrikana la bumslangi, Dispholidus typus, mara nyingi huwa wa kijani akiwa dume na wa kahawia akiwa jike, na akiwa mchanga huwa wa kijivu mwenye macho makubwa ya kijani kama zumaridi. Anayesema kwamba nyoka wa kijani ni hivi na wa kahawia ni vile hajasema kitu.

Hata wataalamu wamekosea, na mfano mmoja unastahili kukumbukwa kwa heshima. Mnamo Septemba 1957, Karl Patterson Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa wanyama watambaao wa wakati wake, aliletewa nyoka mdogo katika jumba la makumbusho la Chicago ili amtambue. Alifanana na bumslangi, lakini gamba moja karibu na mkia halikuwa limegawanyika kama ilivyotarajiwa, jambo lililomtia shaka. Alipokuwa akimshika, nyoka akamuuma kidole gumba, na jino moja tu ndilo lililozama vizuri. Schmidt alirudi nyumbani, akaandika kwa uangalifu kila dalili aliyoihisi, na siku iliyofuata alifariki kwa kutokwa damu ndani ya mwili. Sumu ya bumslangi huvuruga kuganda kwa damu, na inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha ukali wake. Mtu aliyejua kuhesabu magamba kuliko karibu kila mtu duniani alishindwa na gamba moja lisilo la kawaida, naye alikuwa amemshika nyoka mkononi, kwenye mwanga wa kutosha. Sisi wengine tunataka kuamua gizani, kwa sekunde mbili, tukiwa tumeshtuka.

Wala elimu yenyewe haijafika mwisho. Swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu, Naja ashei, ambaye anaweza kuzidi mita mbili, alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 2007 tu. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa ni swila mwenye shingo nyeusi aliyepata rangi tofauti. Alikuwa akiishi jirani na watu muda wote huo.

Namna ya kuwajua wachache

Kinachosaidia ni kuacha kutafuta kanuni ya nyoka wote na badala yake kuwajua kwa sura na tabia nyoka wachache wanaoishi katika eneo lako. Popote mtu anapoishi, nyoka wanaoonekana karibu na nyumba mara kwa mara huwa si spishi nyingi, na wenye hatari kubwa miongoni mwao huhesabika kwa vidole. Mtu anayewajua hao vizuri, na anayemchukulia kila asiyemtambua kuwa ni wa kuachwa kwa mbali, yuko salama kuliko aliyekariri kanuni kumi. Majina ya kienyeji yatumiwe kwa tahadhari, kwa kuwa jina moja mara nyingi hubeba nyoka tofauti: anayeitwa kifutu mahali pamoja huitwa bafe au moma kwingine, na jina swila hutumika kwa spishi kadhaa ambazo sumu zao hazifanani. Katika maeneo mengi ya Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, picha za kuweka akilini ni kama zifuatazo.

Kifutu, Bitis arietans, ni mfupi na mnene, na mgongoni ana mfululizo wa alama za V zinazoelekeza ncha mkiani. Mara nyingi hutembea kwa kunyooka, kama kiwavi, bila kujipinda sana. Sifa yake ya hatari kuliko zote ni utulivu. Nyoka wengi husikia mtetemo wa nyayo ardhini na kuondoka kabla hatujawaona. Kifutu hutegemea kufanana na majani makavu na mchanga, hivyo hubaki palepale hadi akanyagwe. Anapovuta pumzi na kuitoa kwa mlio mkubwa, huo ni msaada anaokupa, na jibu lake ni kusimama, kumwona alipo, kisha kurudi nyuma. Sumu yake huua nyama na ngozi mahali alipouma, na ndiyo maana anahusishwa sana na watu kukatwa viungo.

Swila wa kutema sumu husimamisha sehemu ya mbele ya mwili na kupanua shingo. Matundu ya meno yake yameelekea mbele, na kwa kubana misuli ya tezi hurusha sumu umbali wa mita mbili au zaidi, akilenga uso. Huyu ndiye nyoka wa hatari anayeingia ndani ya nyumba mara nyingi, kwa sababu hula karibu kila kitu: panya, vyura, mijusi, mayai, vifaranga na nyoka wenzake. Usiku huweza kupita sakafuni, na wapo walioumwa wakiwa wamelala.

Koboko mweusi ni mrefu, kwa kawaida mita mbili hadi tatu, mwembamba kwa urefu wake, mwenye kichwa kirefu. Hutoka mchana. Hupenda mashimo ya vichuguu, mapango ya miti, mianya ya mawe na wakati mwingine dari, na asiposumbuliwa huweza kulirudia shimo moja kwa muda mrefu. Sifa yake ya kumkimbiza mtu inatokana na kutomwelewa: anapotishwa hukimbilia shimoni kwake, na mtu akiwa amesimama kati yake na shimo, huonekana kama anafuatwa. Asipopewa njia hujitetea kwa ukali, na kung'atwa naye ni dharura ya dakika, kwa hiyo kumwachia njia ni jambo la uhai.

Nyoka wa kijani wanahitaji subira. Walio wengi ukutani na kwenye maua ni wa jenasi ya Philothamnus, wembamba kama kidole, wepesi ajabu wa kupanda hata ukuta ulio wima, na mmoja wao ana madoa meusi kuanzia shingoni hadi katikati ya mwili. Hawa hawana sumu. Wanafuata mijusi na vyura. Koboko wa kijani ni mkubwa zaidi, ana kijani kimoja kisicho na madoa, kichwa chake ni kirefu, na hukaa juu mitini, akishuka chini kwa nadra. Bumslangi dume ana kichwa kifupi na jicho kubwa mno kwa kichwa hicho. Wote wawili, bumslangi na Philothamnus, huvimbisha shingo wanapoogopa, kwa hiyo kuvimba kwa shingo peke yake hakutoshi kuwatenga. Kama huwezi kusema kwa uhakika ni yupi kati yao, umepata jibu linalokutosha: mwache.

Kundi la mwisho ni la wadogo wa udongoni, na hapa ndipo naona tahadhari hutolewa kidogo kuliko inavyostahili. Baada ya mvua hutokea nyoka wadogo weusi wanaong'aa, wenye macho madogo na kichwa kisichotofautiana na shingo, na watoto huwaokota. Baadhi yao ni nyoka vipofu, walaji wa mayai na mabuu ya mchwa na siafu, ambao hawana uwezo wa kumuuma mtu. Mmoja wao, Indotyphlops braminus, mdogo kama mnyoo wa ardhini, amesambaa duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Wote ni majike, na huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu hutosha kuanzisha ukoo. Lakini miongoni mwa hao weusi wadogo wamo pia wa jenasi ya Atractaspis, ambao meno yao ya sumu huweza kuchomoza pembeni mwa mdomo uliofungwa. Kwa sababu hiyo hakuna namna salama ya kuwashika, hata kwa kuwabana nyuma ya kichwa kama wafanyavyo wakamataji kwa nyoka wengine, na walioumwa hupata maumivu makali sana na wengine hufa nyama ya kidole. Mtoto afundishwe kutookota nyoka yeyote, hata anayefanana na mnyoo.

Wakati mwingine kinachoonekana ni gamba tu, yaani ngozi nzima aliyojivua nyoka, lililoachwa kwenye dari au katikati ya matofali. Gamba ni ushahidi mzuri, kwa kuwa halina hatari na linaweza kuchunguzwa kwa utulivu. Likumbukwe kuwa huwa refu kuliko nyoka mwenyewe, maana ngozi iliyo kati ya magamba hunyooka linapovuliwa. Wengi huona gamba la mita moja na nusu na kumfikiria mnyama mkubwa kuliko alivyo. Rangi kwa kawaida hupotea, lakini mabaka huweza kubaki kama kivuli, na magamba yenye ukingo katikati, ambayo humfanya nyoka aonekane mkavu na wa kukwaruza, hutofautiana waziwazi na yale laini. Picha nzuri ya gamba, hasa sehemu ya kichwa na ya tumbo karibu na mkia, humwezesha mtaalamu kufika karibu sana na jina.

Amefuata nini?

Swali hili lina faida kubwa kuliko lile la sumu, kwa sababu jibu lake liko mikononi mwa mwenye nyumba. Nyoka hahitaji nyumba yetu. Anahitaji chakula, maji, maficho na joto linalofaa, na hufuata mnyororo ambao mara nyingi tumeuanzisha wenyewe. Taa ya barazani ikiwaka usiku kucha huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi, na mijusi huvuta nyoka mwembamba wa kijani. Bomba linalovuja hukusanya vyura, na vyura huwaleta walaji wao, wakiwemo wale wa jamii ya kifutu. Nafaka iliyomwagika na chakula cha kuku kilichoachwa wazi huleta panya, na harufu ya njia za panya humfikisha nyoka hadi mlangoni. Nyoka huonja hewa na ardhi kwa ulimi, kisha huupeleka kwenye kiungo maalumu juu ya kinywa kinachosoma harufu, kwa hiyo njia ya panya ni dhahiri kwake kama barabara ilivyo dhahiri kwetu.

Mtu anayeua nyoka na kuacha panya ametengeneza nafasi ya kazi. Mwingine atakuja, na huenda asiwe wa kahawia mwenye mistari miwili ya maziwa. Ndiyo maana ninaona kuua nyoka wa nyumba ni hasara hasa, hata kwa mtu asiyempenda: anaondoa mwindaji wa panya asiye na madhara na kumwachia swila meza iliyoandaliwa.

Kazi ya kuzuia ni ya kawaida na inahitaji kurudiwa. Nafaka na chakula cha mifugo vihifadhiwe katika vyombo vyenye mifuniko. Kuni, matofali na mabati viwekwe mbali na ukuta, na kuni ziinuliwe juu ya ardhi kwa kiasi cha kuona chini yake. Nyasi zikatwe fupi kandokando ya njia, si kwa sababu nyoka huogopa nyasi fupi, ila kwa sababu anayepita humwona mapema. Matawi yanayogusa paa yapunguzwe. Nyufa na matundu yanayopitisha mabomba yazibwe, maana nyoka mwembamba hupenya pahali pasipoingia hata kidole, na chini ya milango pawekwe kizuizi. Rundo la mboji hutoa joto ambalo baadhi ya nyoka hulitumia kuatamia mayai yao, hivyo lisigeuzwe kwa mikono mitupu.

Kuhusu dawa za kufukuza nyoka, lazima niseme wazi, kwa sababu watu huzitegemea na kulala bila tahadhari nyingine. Salfa na naftalini zimejaribiwa kwa nyoka hai, na nyoka waliendelea kupita juu yake. Kumwaga mafuta ya taa huchafua udongo na kuhatarisha nyumba kwa moto. Kitunguu saumu hakiwazuii. Hakuna unga wala mmea unaofanya kazi ya tundu lililozibwa.

Kwa usiku, kinga mbili zina uzito wa pekee: tochi kwa anayetembea, na kitanda kilichoinuliwa chenye chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Katika nchi za Asia ya Kusini, ambako nyoka anayeitwa kraiti huwauma watu waliolala sakafuni, mara nyingi bila hata kuwaamsha kwa maumivu, chandarua kimeonekana kuwakinga watu na nyoka kama kinavyowakinga na mbu. Ni kifaa ambacho nyumba nyingi tayari zinacho.

Akiwa ndani

Anapoonekana ndani ya nyumba, jambo la kwanza ni umbali, na utambuzi hufuata kama utawezekana. Watoto na wanyama watoke. Mtu mmoja asimame mbali, mita tatu au zaidi, akimwangalia bila kumpoteza, kwa kuwa nyoka aliyejificha ni tatizo kubwa kuliko nyoka anayeonekana. Mlango wa kutokea nje ufunguliwe, milango ya vyumba vingine ifungwe na kitambaa kisukumwe chini yake. Mara nyingi, asipozingirwa, huondoka mwenyewe. Asipoondoka, aitwe mkamataji aliyefunzwa au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, na picha iliyopigwa kutoka mbali itumwe ili ajue anachokuja kukikuta. Ikiwa kuna uwezekano kuwa ni swila wa kutema, miwani yoyote ni bora kuliko macho matupu.

Watu wengi huumwa katika kujaribu kumuua au kumkamata, wakati ambapo nyoka alikuwa akitafuta njia ya kutokea. Hata aliyekatwa kichwa si salama mara moja: kichwa huweza kuuma kwa muda baada ya kutenganishwa na mwili. Hadithi kwamba mwenzake atakuja kulipiza kisasi haina msingi, ingawa ina chanzo kinachoeleweka, kwani katika majira ya kujamiiana dume hufuata harufu ya jike, na anaweza kufika pale jike alipouawa.

Kumhamisha nako kuna mipaka yake. Nyoka anayejua mashimo, maji na njia za mahali pake, akipelekwa mbali sana, hutangatanga, na tafiti zilizofuatilia baadhi ya spishi zilionyesha kuwa waliohamishwa hufa zaidi kuliko walioachwa kwao. Kwa asiye na madhara, kumtoa nje na kuziba alipoingilia kunatosha. Kwa wa hatari ndani ya makazi ya watu, kumhamisha kunahalalika, lakini ifanywe na anayeijua kazi hiyo, na apelekwe kwenye mazingira yanayofanana na yale aliyotoka.

Akiuma, anayeumwa atulizwe na asitembee. Pete, bangili na nguo za kubana zivuliwe kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango ili kisikunjwe, kama la mfupa uliovunjika, na safari ya hospitali ianze. Kama chombo kilichopo ni pikipiki, mgonjwa akae katikati ya dereva na msaidizi. Asichanjwe chale, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kuzuia damu. Kamba hiyo huua kiungo ambacho sumu yenyewe ingekiacha, na ikifunguliwa ghafla sumu huenea kwa wingi. Bandeji ya kubana kiungo kizima huwasaidia walioumwa na nyoka wa sumu ya kupooza kama koboko, lakini kwa kifutu na swila wa kutema huweza kuzidisha uharibifu wa nyama, kwa hiyo asiyejua ni nyoka gani abaki na gango. Macho yaliyotemewa sumu yaoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20 bila kusuguliwa, kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari.

Wengi hupoteza muda huo wa thamani wakimsaka nyoka ili wampeleke hospitali, na wengine huumwa wa pili katika msako huo. Hofu yao ina sababu: tangu Albert Calmette alipotengeneza dawa ya kuzuia sumu ya nyoka huko Ufaransa mwaka 1894, na daktari Vital Brazil wa Brazili akaonyesha muda mfupi baadaye kwamba dawa ya sumu ya nyoka mmoja haimtibu aliyeumwa na nyoka wa aina nyingine, ilieleweka kwamba aina ya nyoka ina maana kwa tiba. Lakini dawa nyingi za leo hutengenezwa kwa sumu za spishi kadhaa kwa pamoja, na daktari huamua kwa kuusoma mwili wa mgonjwa. Kope zinazolegea na sauti inayobadilika humwambia kuwa mishipa ya fahamu imeguswa. Uvimbe unaopanda saa kwa saa humwonyesha sumu inayoua nyama. Kwa damu, huchukua mililita mbili hivi, huziweka katika kijichupa cha kioo kikavu na safi, na kukiacha bila kutikiswa kwa dakika 20. Kisha hukiinamisha mara moja: damu iliyoganda hubaki palepale, na ile inayotiririka kama maji humweleza kuwa sumu imeharibu uwezo wa kuganda, hata kama hakuna aliyemwona nyoka. Kitu ambacho ndugu wa mgonjwa wanaweza kumletea, na ambacho chupa hiyo haiwezi kumwambia, ni saa kamili ya kuumwa.